Amplifaya ya kujiundia: LM3886, TDA7293, daraja D au transista tupu?

Anayetaka kujiundia amplifaya kwa kawaida huanza kwa kuuliza chipu ipi ni nzuri. Swali hilo lingefaa liwe la tatu. La kwanza ni spika ulizonazo: zina omu ngapi, na zinatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukizipima umbali wa mita moja. La pili ni umeme utakaolisha bodi: transfoma, adapta au betri. Ukishajibu hayo mawili, orodha ndefu ya chipu inabaki na mbili tatu tu, na tofauti ya sauti kati ya hizo ni ndogo kuliko madhara ya waya mmoja wa graundi (njia ya sifuri ya umeme) uliopitishwa pabaya.

Hesabu kwanza

Ili kujua volti unazohitaji, zidisha wati kwa omu, zidisha kwa 2, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 50 kwenye spika ya omu 8 zinahitaji kilele cha volti 28.3 na mkondo wa ampea 3.5. Chipu yenyewe humeza volti 3 hadi 5 kabla sauti haijaanza kukatwa kichwa, kwa hiyo umeme wa bodi unatakiwa ubaki karibu ±33 V (volti 33 chanya na 33 hasi kutoka graundi) hata ukiwa umebeba mzigo. Wati hizohizo 50 kwenye omu 4 zinahitaji kilele cha volti 20 tu, ila mkondo unapanda hadi ampea 5. Ndiyo maana transfoma ya volti nyingi si lazima iwe "na nguvu zaidi". Ukiifunga kwa spika za omu 4, volti za ziada zinageuka joto ndani ya chipu.

Joto hilo linahesabika. Kwa amplifaya ya daraja AB (transista za upande chanya na za upande hasi hupokezana kazi), joto la juu kabisa ni 2 × V² ÷ (9.87 × omu), V ikiwa ni volti za upande mmoja. Kwenye ±28 V na omu 8 ni wati 20. Omu 4, wati 40. Kwenye ±35 V na omu 8 ni wati 31. Omu 4, wati 62, na hapo chipu moja iliyofungwa juu ya kipande cha mika (utando wa kuzuia umeme) haitoboi.

Upande wa transfoma, zidisha volti za AC kwa 1.414 kisha toa volti 1 ya daiodi. Transfoma ya 2×25 V inakupa takriban ±34 V. Lakini bila mzigo volti zake hupanda kwa asilimia 5 hadi 10, na umeme wa ukutani nao ukipanda kwa asilimia 10 unajikuta kwenye ±41 V. Kikomo cha chipu ya LM3886 ikiwa na sauti ni jumla ya volti 84, yaani ±42 V. Hiyo ni kucheza ukingoni. Transfoma ya 2×22 V inabaki kati ya ±30 V na ±36 V katika hali zote, na kwa spika za omu 8 ndiyo chaguo tulivu. Kwa omu 4 shuka hadi 2×18 V.

Kuhusu wati zenyewe: kutoka wati 30 kwenda 60 unaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua bila kushtuka. Spika ya desibeli 90 iliyo kwenye wati 25 inalia sawasawa na ya desibeli 84 iliyo kwenye wati 100. Mwenye spika za desibeli chache ndiye anayehitaji amplifaya kubwa. Wengine wengi wananunua joto.

Chipu kwa mtazamo mmoja

| Chipu | Umeme wa kufanyia kazi | Wati kwa kila spika | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|
| TDA2030A | hadi ±22 V | karibu 15, omu 4, ±16 V | spika ndogo, mazoezi |
| LM1875 | hadi ±30 V | karibu 20, omu 8, ±25 V | chumba kidogo, sauti safi |
| LM3886 | hadi ±42 V | 38 kwa omu 8 au 68 kwa omu 4, zote ±28 V | matumizi mengi |
| TDA7293 | hadi ±50 V | karibu 80, omu 8, ±40 V | omu 8, transfoma ya volti nyingi |
| TPA3116D2 | 4.5 hadi 26 V, upande mmoja | 50, omu 4, 21 V (upotovu 10%) | betri, adapta |
| TPA3255 | hadi 53.5 V, upande mmoja | 315, omu 4 (upotovu 10%) | nguvu kubwa, sabufa |

Zile wati zenye alama ya upotovu (sauti kuharibika ikipita kwenye amplifaya) wa asilimia 10 zisome kwa jicho la wasiwasi. Huo ni upotovu ambao sikio linausikia waziwazi. Ukitaka sauti safi toa moja ya tano hadi robo: 50 inakuwa 37 au 38 hivi, 315 inakuwa 250 na kitu.

TDA2030A na LM1875 zinafanana miguu, zote mitano, na mtu anaweza kushawishika kuchomoa moja akachomeka nyingine. Kwa kawaida inakubali, lakini angalia ukuzaji (sauti inayoingia inakuzwa mara ngapi): zote mbili hutulia vizuri ukuzaji ukiwa mkubwa, LM1875 kuanzia mara 10, TDA2030A kuanzia mara 16. Kama pesa inaruhusu chukua LM1875, maana TDA2030A za bei rahisi zimejaa feki na volti zikipanda ndizo za kwanza kupasuka.

LM3886 au TDA7293

Hapa ndipo wengi wanaponasa.

LM3886 ina miguu 11, ina upotovu mdogo sana, na ina ulinzi wa ndani dhidi ya joto, shoti na mkondo uliozidi. Vifaa vyake ni vichache. Kwa upande mmoja wa stereo: rezista ya mrejesho kilo-omu 20, ya kwenda graundi kilo-omu 1 (ukuzaji mara 21), kapasita ya µF 47 mfululizo na hiyo ya kilo-omu 1, rezista ya kilo-omu 20 kutoka mguu 10 kwenda graundi ya sauti, kapasita ya kuingizia ya µF 1 hadi 2.2 ya filamu, na kwenye mguu 8 rezista ya kilo-omu 22 hadi 33 kwenda upande hasi. Karibu kabisa na miguu ya umeme weka nF 100 ya seramiki na µF 470 kwa kila upande. Mguu 1 na mguu 5 zote ni chanya, usisahau mmoja.

Kwa ukuzaji wa mara 21, wati 50 kwenye omu 8 zinapatikana kwa volti 0.95 za kuingia, kiasi ambacho vifaa vingi vya kuchezea muziki hukifikia. Huhitaji saketi nyingine ya kukuza mbele yake. Bodi za "priamp na toni" zinazouzwa pamoja na chipu hii mara nyingi zinaongeza mchirizo (kelele ya "shhh") tu.

Tatizo linalosumbua zaidi kwenye LM3886 halina moshi. Amplifaya iko kimya kabisa, volti ziko sawa, hakuna kinachochemka. Angalia mguu 8. Chipu hii huzaliwa ikiwa imenyamazishwa, na inafunguka pale tu mkondo wa angalau miliampea 0.5 unapotoka mguu huo kuelekea upande hasi. Rezista ikikosekana au ikiwa kubwa mno, utatupa chipu nzima ukidhani imekufa.

La pili ni bati la mgongoni. LM3886T bati lake limeungana na upande hasi wa umeme, kwa hiyo lazima liwe na mika au padi ya silikoni pamoja na kikombe cha plastiki kwenye skrubu. LM3886TF imefunikwa plastiki nzima, inafungwa moja kwa moja kwa grisi ya joto, ila inapitisha joto kwa shida kidogo. Kwa omu 8 na ±30 V, TF ni starehe. Kwa omu 4 chukua T na mika nzuri. TDA7293 na TDA7294 nazo bati lao ni upande hasi. Kabla ya kuwasha, weka multimita kwenye mlio, gusa bati la chipu na hitisinki (bati la kupoozea), ikilia, usiwashe.

TDA7293 ina faida moja halisi: volti. Kama tayari una transfoma ya 2×28 V, LM3886 haiingii, TDA7293 inaingia bila hofu na itakupa karibu wati 80 kwenye omu 8. Inaweza pia kuunganishwa sambamba na mwenzake, mmoja akiongoza na mwingine akifuata, ili kubeba omu 4 kwa volti hizo. Gharama yake ni joto: ±40 V kwa omu 8 ni wati 40 za joto kwa kila chipu, na hitisinki ya bati jembamba haitatosha. Miguu 9 na 10 ndiyo inayowasha na kufungua sauti. Kila mmoja una rezista na kapasita yake ya µF 10 ili sauti ifunguke baada ya chipu kutulia. Ukiiunganisha miguu hiyo moja kwa moja kwenye chanya ili kurahisisha, utapata kishindo kila ukiwasha. Ukuzaji wake usishuke chini ya mara 20.

Usichomeke TDA7293 kwenye bodi iliyochorwa kwa TDA7294 bila kuangalia. Kapasita ya µF 22 inayotoka mguu 6 inakwenda mguu 14 kwenye 7294, lakini mguu 12 kwenye 7293. Bodi nzuri zina mahali pa kuchagua kwa tone la risasi. Zisizo nazo zinakubali moja tu.

Kwa sauti peke yake, LM3886 iliyo kwenye bodi nzuri inaishinda TDA7293 kwa upotovu mdogo hasa masafa ya juu. Je, sikio litasikia? Kwa spika za kawaida, bodi zote mbili zikiwa hazitetemi, ni vigumu. Chagua kwa volti na omu, si kwa sifa za mdomo.

Neno kuhusu kuunganisha chipu mbili kwa mtindo wa briji, yaani spika moja ikisukumwa na chipu moja kila ncha: kila chipu inaona nusu ya omu za spika. Spika ya omu 8 inakuwa omu 4 kwa kila chipu, hiyo inawezekana kwa ±25 V. Spika ya omu 4 inakuwa omu 2, na LM3886 itajikinga kwa kukata sauti vipandevipande inayofanana na mchanga kwenye besi. Watu wanabadili chipu tatu nne kabla ya kugundua kwamba chipu ilikuwa nzima, ikifanya kazi yake.

Daraja D

Amplifaya ya daraja D huwasha na kuzima umeme haraka sana, ndiyo maana haipati joto jingi. TPA3116D2 ilibadili mambo kwa anayetumia betri au adapta. Inakula umeme wa upande mmoja (chanya na graundi tu), ufanisi wake unafika karibu asilimia 90, na hitisinki yake ni ndogo. Kwa volti 12 na omu 4 tarajia wati 12 hadi 15 safi kwa kila upande. Kwa volti 24 na omu 8, karibu 30. Kwa volti 24 na omu 4 inafika 50 na zaidi, lakini hapo joto na kinga ya mkondo ndivyo vinavyoamua muziki uendelee kwa muda gani.

Ubora wa chipu hii hauna shida. Bodi zake ndizo zenye shida, na ukinunua bodi iliyokwisha tengenezwa angalia mambo haya:

Koili za kutokea. Bodi za hovyo huweka koili ndogo za wazi ambazo kiini chake hushiba mkondo ukipanda, upotovu unaruka na koili zinachemka kuliko chipu. Tafuta koili zilizofunikwa za µH 10 zenye uwezo wa ampea 6 au zaidi, zikiwa na kapasita za nF 680 za filamu.

Ukuzaji. Chipu hii ina ngazi nne: desibeli 20, 26, 32 na 36, zinazochaguliwa kwa rezista mbili. Watengenezaji wengi huacha 32 au 36 ili simu ndogo ipige kelele, na wewe unapata mchirizo kwenye spika za juu hata muziki ukiwa umezimwa. Shusha hadi 26, au 20 kama chanzo chako kina volti 2. Kuna faida ya pili: mlango wa sauti unapanda kutoka kilo-omu 9 au 15 hadi 30 au 60, na kapasita ya kuingizia ya µF 1 inashusha besi chini zaidi.

Kapasita za umeme. Ongeza µF 1,000 hadi 2,200 ya volti 35 karibu na chipu. Si za volti 25 kwa adapta ya volti 24, hizo huvimba.

Upande gani wa joto. TPA3116D2 hutoa joto juu, hitisinki inakaa mgongoni mwake. Ndugu yake TPA3118D2 hutoa joto chini, kwenye shaba ya bodi. Kubandika hitisinki juu ya 3118 ni pambo.

Na jambo ambalo limeua bodi nyingi: nyaya zote mbili za spika zina umeme. Hasi ya spika si graundi. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia pamoja, au ukaifunga kwenye kasha la chuma, au ukabana klipu ya graundi ya oskiloskopu pale, unatengeneza shoti. Soketi za spika zinazoshirikisha hasi hazifai kabisa.

TPA3255 ni mnyama mwingine. Inahitaji umeme wa volti 36 hadi 51 wenye ampea za kutosha, volti 12 za pembeni kwa saketi zake za ndani, na bodi iliyochorwa na mtu anayejua. Usijaribu kuichorea bodi yako ya kwanza. Nunua bodi, weka nguvu zako kwenye umeme na kasha. Kwa sabufa ya omu 4 na volti 48, hakuna chipu ya daraja AB itakayoifikia kwa uzito na joto.

Amplifaya za daraja D zenye chipu ya IRS2092 na MOSFET (aina ya transista) mbili za nje hutumia umeme wa pande mbili, na zina tabia ya kurudisha umeme kwenye upande usiotumika besi inapokuwa nzito na ndefu. Volti za upande mmoja zinapanda hadi kinga ya umeme inakata. Kwa transfoma, kapasita kubwa za µF 10,000 kila upande zinapunguza tabia hiyo. Kwa umeme wa swichi (wa kielektroniki, kama adapta) wenye kapasita ndogo, sabufa hujizima katikati ya wimbo na mwenyewe asijue sababu.

Transista tupu

Amplifaya ya transista zilizotengana inakupa uhuru ambao chipu haina: volti unazotaka, idadi ya transista za kutokea unayotaka, na ukarabati wa kipande kimoja kimoja. Kwa wati 100 na kupanda kwenye omu 4 kwa daraja AB, ndiyo njia. Kwa wati 40 ni kazi kubwa kwa faida ndogo, labda kama unataka kujifunza, na kwa kujifunza hakuna kinachoishinda.

Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 inatosha kwa ±35 hadi ±40 V kwenye omu 8. Kwa omu 4 au kwa ±50 V weka jozi mbili au zaidi. Wati 150 zilizoandikwa kwenye karatasi ya transista hiyo ni kwa kasha lililo nyuzi 25, hali ambayo kwenye hitisinki yako haitatokea. Na volti zikiwa nyingi kati ya kolekta na emita (miguu miwili inayopitisha mkondo mkubwa), transista inavumilia mkondo mdogo zaidi bila kupasuka.

Kila emita ipewe rezista ya omu 0.22, wati 5. Hapo ndipo unapopima mkondo wa mapumziko. Lengo ni milivolti 10 hadi 15 kwenye rezista moja, yaani miliampea 45 hadi 68. Chini ya hapo sauti ndogo inakuwa na ukwaruzo pale transista zinapopokezana. Juu sana unaongeza joto bila faida. Transista ndogo inayoratibu mkondo huo lazima ifungwe kwenye hitisinki ileile, ikigusana vizuri. Ikining'inia hewani, transista kubwa zikipata joto mkondo unapanda, joto linaongezeka, mkondo unapanda tena, na mwisho wake ni fyuzi au moshi. Trima yake (rezista ndogo ya kurekebisha) iwekwe kati ya besi (mguu wa kuendeshea, si sauti nzito) na emita ya transista hiyo ndogo, si kati ya kolekta na besi. Mguso wa trima ukikatika kwa kuchakaa, mkondo utashuka badala ya kupanda. Michoro mingi inayozunguka imeweka kinyume.

Rekebisha mkondo kwa kuanza trima ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, mlango wa sauti ukiwa umefungwa graundi, bila spika. Panda polepole hadi milivolti 10, subiri dakika 20, pima tena, sahihisha.

Kinachoangusha wengi ni kutetema kwa masafa makubwa yasiyosikika. Dalili ni hizi: hitisinki inachemka bila muziki, rezista iliyo mfululizo na nF 100 kwenye mlango wa spika inaungua, spika za juu zinakufa kimya. Kapasita ndogo ya pF 47 hadi 100 kwenye transista ya kukuza volti ndiyo inayotuliza. Ikosekane au iwe ya aina duni, amplifaya inageuka kisambaza mawimbi. Koili ya µH 1 hadi 3 iliyozungushwa juu ya rezista ya omu 10 inatenga waya ndefu za spika. Bila oskiloskopu utabahatisha, na huo ndio ukweli mchungu wa njia hii.

Transista feki ni kero kuu hapa. Mbili zenye jina moja lakini maandishi tofauti kwa unene, au zenye ukuzaji unaopishana mara mbili kwenye multimita, zirudishe. Jozi zinunuliwe kutoka mgavi mmoja na toleo moja.

Daraja A, ambayo transista zake hupitisha mkondo muda wote, ina mahali pake padogo. Muundo wa John Linsley Hood wa 1969 unatoa wati 10 kwa omu 8 ukila volti 27 na ampea 1.2 muda wote, wati 32 za joto kwa kila upande hata ukiwa umelala. Kwa spika za desibeli 92 na kuendelea ni raha. Kwa nyingine, chukua LM1875.

Transfoma au umeme wa swichi

Kwa chipu za daraja AB, transfoma ya toroidi bado ni njia nyepesi kueleweka na kutengenezeka. Kwa stereo ya wati 50 mara mbili, transfoma ya VA (volti mara ampea) 160 hadi 200 inatosha kwa muziki. Briji ya daiodi ya ampea 25, kapasita za µF 4,700 hadi 10,000 kwa kila upande. Ampea 2 zikivutwa, µF 10,000 inaacha mawimbi ya takriban volti 2, chipu inayameza. Kwenda µF 47,000 kunaongeza mapigo makali ya kuchaji, na mapigo hayo yakipita karibu na waya wa sauti unapata mvumo mkali kuliko mwanzo. Weka rezista ya kilo-omu 2.2, wati 2, sambamba na kila kapasita ili zijimwage ukizima.

Umeme wa swichi unafaa daraja D: mwepesi, volti hazishuki besi ikipiga. Adapta zenye miguu miwili bila ethi (waya wa usalama wa ardhini) huvujisha mkondo kidogo kutoka upande wa ukutani. Ukiunganisha na simu inayochajiwa au kompyuta, mvumo unatokea ambao hakuna kapasita itakayoutoa. Dawa ni transfoma ndogo ya kutenga sauti au chanzo kisichochajiwa.

Maboresho yanayosikika, na yasiyosikika

Njia ya graundi inashika namba moja. Unganisha sehemu ya katikati ya transfoma na katikati ya kapasita mbili kubwa kwa waya mfupi mnene, kisha kutoka kwenye kapasita, *baada* yake, vuta waya mmoja hadi nukta moja. Graundi za spika, za bodi na za sauti zote zitoke kwenye nukta hiyo. Waya wa graundi ya sauti ukichukuliwa kati ya transfoma na kapasita, utapata mvumo wa masafa ya Hz 100 usiobadilika hata ukigeuza volyumu. Ethi ya ukutani iende moja kwa moja kwenye kasha kwa skrubu yake pekee. Rezista ya omu 10 ya kuvunja mzunguko wa graundi iwekwe upande wa sauti, kamwe isiwe kwenye waya wa ethi. Sokota nyaya za AC pamoja na uzipitishe mbali na mlango wa sauti.

Kisha hitisinki, kisha potenshiomita ya kilo-omu 10 hadi 22 badala ya 100, kisha kichujio cha omu 1,000 na pF 330 kwenye mlango ili redio na simu zisiingie. Rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kukinga spika ni ya lazima kwa transista tupu: transista moja ikipasuka, volti 40 za DC zinamwaga wati zaidi ya 200 kwenye koili ya spika, nayo inaungua kwa sekunde. Rilei nyingi zimeandikwa DC volti 30. Zifunge ili ikiachia, spika iguse graundi, la sivyo cheche inaendelea kupitisha umeme.

Kubadili kapasita za kuingizia kwa zile za bei ya kutisha, au kubandika kapasita ndogo za filamu zenye miguu mirefu juu ya kila kapasita kubwa, hakuleti kitu; hiyo ya pili wakati mwingine huleta kutetema.

Kuwasha mara ya kwanza

Balbu ya nyuzi ya wati 60 hadi 100 mfululizo na umeme wa ukutani, bila spika, bila sauti. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, pima volti za pande mbili: zipishane kidogo tu. Pima DC kwenye mlango wa spika: chini ya milivolti 50 endelea. Balbu ikibaki inawaka kwa nguvu, zima. Kuna shoti au briji ya daiodi imegeuzwa. Kwa TPA3116D2 anza na volti 12. Baada ya hapo ondoa balbu, funga rezista ya omu 8, wati 50 mahali pa spika, cheza muziki dakika 30 ukishika hitisinki kila mara: ikiwa huwezi kuweka kidole sekunde tano, ni ndogo. Spika ya kwanza kufungwa iwe ile usiyoililia.